Maswali ya Wasomaji: Gari ya Zamani Haiwaki, Umeme Unapotelea Wapi?

Barua za safari hii karibu zote zinaanza sawa: nimebadilisha betri, nimebadilisha starta, nimebadilisha koili, bado. Sasa jamani, ukishabadilisha vitu vitatu bila kupima hata kimoja hapo unabahatisha tu, na gari ya zamani ikikupata unabahatisha itakuchezea mpaka uchoke. Tafuteni mita ya umeme, ile ya kawaida kabisa yenye volti, omu na ampea, maana majibu mengi hapa chini yanaanza na neno "pima". Barua nimezifupisha kidogo, msininunie.

Asubuhi inawaka freshi, ikipata joto inasema "tak" tu

Fundi habari za kazi. Nina Volkswagen Beetle ya 1964, bado iko na umeme wake wa volti 6. Asubuhi inawaka vizuri, ila nikiendesha kama nusu saa nikazima, nikirudi kuwasha inalia "tak" mara moja alafu kimya, starta haizunguki kabisa. Nikiisubiri ipoe inawaka kama hakuna kilichotokea. Betri ni mpya, starta imefunguliwa ikawekwa kaboni mpya. Watu wananiambia nihamie volti 12 yaishe. Nihame?

*Jibu:* Salama kaka. Kuhamia volti 12 sio kosa, wengi wamefanya na magari yao yanatembea, lakini usihame kwa sababu hii, utakuwa umehama nyumba na kunguni wako. Volti 6 haina ubaya wowote, Beetle zilitoka kiwandani nayo mpaka katikati ya miaka ya 1960 na zilikuwa zinawaka kwenye baridi na kwenye joto. Ila tu kwa kazi ileile volti 6 inataka ampea mara mbili ya zile za volti 12, na ampea zikiwa nyingi kila kiungo chenye kutu kinakula chake. Nusu volti ikipotea njiani kwenye mfumo wa 12 unaweza usijue, kwenye mfumo wa 6 hiyo ni karibu asilimia 8 imeshaondoka kabla haijafika kwenye kazi.

Sasa angalia njia yenyewe. Betri iko chini ya siti ya nyuma, starta iko hukohuko nyuma, lakini amri ya kuizungusha inatoka kwenye swichi ya ufunguo kule mbele kwenye deshibodi, kwa hiyo umeme unakwenda mbele, unapita kwenye swichi yenye umri wa miaka 60, unarudi nyuma kwa waya mwembamba mpaka kwenye solenoidi (ile swichi ya sumaku iliyoko kwenye starta) pale palipoandikwa 50. Urefu wote huo, na waya ukipata joto ukinzani wake unapanda, na koili ya solenoidi yenyewe ikipata joto la injini inapanda pia, ndo maana asubuhi inatosha na mchana haitoshi. Solenoidi inavutika kivivu, inasema tak, lakini haibani vile vigusano vya shaba kwa nguvu ya kupitisha umeme wa starta.

Pima hivi, na upime wakati imegoma, sio asubuhi ikiwa nzima. Gea iwe neutro, breki ya mkono juu. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye bodi ya starta na nyekundu kwenye 50, mtu ashike ufunguo kwenye kuwasha, soma. Alafu fanya hivyohivyo kwenye vichwa vya betri wakati ufunguo bado umeshikwa. Ukiona betri ina 5.6 na pale kwenye 50 unapata 4.2, basi volti 1.4 zimepotelea kwenye swichi na ule waya, na hiyo starta uliyoifungua haikuwa na kosa lolote. Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, na iwe ya volti 6 kweli, sio ile ya 12 ambayo kila mtu anayo. Ifunge karibu na starta, umeme mnene uuchukue kwenye bolti ya 30 (pale unapoingia waya mnene wa betri) palepale, ule waya mwembamba wa zamani ufanye kazi ya kuiamsha rilei tu. Ukitaka kuhakikisha kabla hujafunga chochote, chukua kipande cha waya mzito ugusishe 30 na 50 wakati gari imegoma: ikizunguka vizuri jibu umelipata. (Narudia, gea neutro. Ukigusisha ikiwa kwenye gea gari itaruka na wewe uko chini yake.)

Kama kwenye 50 umeme unafika vizuri lakini bado ni tak tu, hamia kwenye waya mnene. Ncha moja ya mita iguse kile kichwa cha risasi cha betri chenyewe, sio klempu, na ncha nyingine bolti ya 30, mtu apige starta. Hapo unasoma kilichopotea njiani, kwa volti 6 kikizidi 0.3 kuna shida, wenye volti 12 mkubali mpaka 0.5. Rudia upande wa ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari), kutoka kichwa hasi cha betri mpaka bodi ya starta. Watu wengi hawaujui ule mkanda wa ethi unaounga gea boksi na bodi ya gari kule mbele ya gea boksi, na injini na gea boksi zimekaa juu ya mipira, kwa hiyo mkanda ukiwa umeoza umeme wa starta unatafuta njia nyingine, saa zingine unapitia kwenye waya wa akseleta mpaka unapata moto. Ufungue, piga brashi ya waya pande zote mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu.

Kitu cha mwisho kwenye Beetle, na hiki mafundi wanaozoea magari mengine wanakisahau: ncha ya shafti ya starta inakaa kwenye bushi iliyoko ndani ya gea boksi, haitoki na starta. Bushi ikilika shafti inalala, amecha (kile kiini kinachozunguka ndani ya starta) inakwaruza, starta inakuwa nzito hasa ikipata joto. Kaboni mpya haisaidii hapo. Ukiitoa starta ingiza kidole uisikie hiyo bushi, na kama shafti inacheza ndani yake basi ibadilishe kabla hujarudisha.

Inashika nikipiga starta, nikiachia ufunguo inazima

Fundi, Datsun yangu ya 1973 imeanza mchezo. Nikipiga starta injini inashika kabisa, inanguruma, ila nikiachia tu ufunguo inazima palepale. Nimesafisha kabureta mara mbili. Karibu na koili kuna kitu cheupe cha udongo chenye waya mbili, fundi mmoja ameniambia hakina kazi nikitoe.

*Jibu:* Usikitoe dada yangu, wala kabureta usiiguse tena, haijakukosea. Kitu chenyewe ni rezista ya koili na ndiyo mshukiwa namba moja.

Koili ndiyo inayopandisha umeme uwe wa cheche, na ya namna hiyo haikutengenezwa ikae na volti 12 muda wote, imetengenezwa ifanye kazi na kama volti 8 au 9, kile cheupe kinashusha. Lakini wakati wa kupiga starta betri inashuka mpaka 10 hivi, ikishushwa tena na rezista cheche inakuwa dhaifu, kwa hiyo waliotengeneza waliweka njia ya pembeni: ukiwa unapiga starta umeme unaruka rezista unakwenda moja kwa moja kwenye koili, ukiachia ufunguo unarudi kupita kwenye rezista. Rezista ikikatika ndani unapata hicho hasa unachokieleza, inashika wakati wa starta, inakufa ukiachia.

Washa swichi bila kupiga starta, pima volti kila upande wa kile cheupe. Upande mmoja una 12 na mwingine sifuri, imekatika. Pande zote sifuri, basi rezista haina kosa, swichi ya ufunguo haitoi umeme ikiwa kwenye nafasi ya kutembea. Hapa kuna mtego mmoja, ukiona 12 pande zote mbili usikimbilie kusema imeshoti, inawezekana pointi (vile vigusano vya ndani ya distributa vinavyounga na kukata umeme wa koili) zimekaa wazi na hakuna umeme unaotembea, na umeme usipotembea hakuna kinachoshuka. Zungusha injini kidogo mpaka pointi zifunge, pima tena, upande wa koili utashuka mpaka karibu nusu. Usiache swichi imewashwa muda mrefu wakati wa kupima, pointi zikiwa zimefunga koili inachemka.

Ukinunua nyingine ioane na koili. Koili ya kutumia rezista ukiipima kwa omu kati ya vile viwaya viwili vidogo inatoa kama 1.5, ile isiyohitaji rezista inatoa kama 3. Kuruka rezista kwa waya inakufikisha nyumbani, lakini ukiiacha hivyo wiki mbili utaunguza pointi alafu koili.

Na mwenye kesi ya kinyume, yaani starta inazunguka wee haishiki ila ukiachia ufunguo ndo inashika kwa ule mzunguko wa mwisho, wewe angalia ile njia ya pembeni, waya wake umechomoka kwenye solenoidi au kwenye swichi. Au betri yako imechoka tu.

Ethi ya chanya: nimekosea kufunga betri?

Shikamoo fundi. Nimerithi Morris Minor ya 1959 kwa babu. Betri ilikuwa imeshakufa nikafunga mpya, hasi kwenye bodi kama magari yote. Inawaka, ila taa nyekundu ya chaji haizimi. Jirani anasema babu alikuwa anafunga chanya kwenye bodi. Kuna kitu kama hicho kweli?

*Jibu:* Marahaba mwanangu, na jirani yako msikilize. Magari mengi ya Uingereza mpaka miaka ya 1960 yalikuwa na ethi ya chanya, Morris Minor ikiwemo, MGB nayo ilikuwa hivyo mpaka 1967. Sio makosa ya babu.

Habari njema ni kwamba gari ya namna hiyo haina vitu vingi vya kuungua. Starta haijali, inazunguka upande uleule. Taa hazijali. Dainamo, ile inayochaji betri, ndiyo inajali, sumaku iliyobaki kwenye vyuma vyake imekumbuka upande wa zamani, sasa inazalisha kinyume na betri, ndo maana taa nyekundu haizimi. Na usiendelee kuiendesha hivyo, pointi za katauti (swichi inayounga na kukata dainamo na betri) kwenye reguleta zinaweza kuungua zikashikana.

Una njia mbili. Ya kwanza, na mimi ningeichagua kama gari bado iko asilia, rudisha betri kama babu alivyoifunga, chanya kwenye bodi. Angalia vichwa vya betri, cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, kwa hiyo klempu zikikataa kuingia au zikiwa zimelegea sana ilikuwa ni gari inakwambia kitu. Ya pili, ukitaka kubaki na ethi ya hasi ili ufunge redio ya kisasa, basi igeuze dainamo. Chomoa waya mdogo wa F kwenye dainamo, betri iwe imefungwa unavyotaka ibaki, alafu chukua waya kutoka kile kichwa cha betri ambacho hakiko kwenye bodi uguse F ya dainamo mara mbili tatu kwa sekunde moja moja. Utaona kacheche. Basi, imeshageuka. Rudisha waya wa F.

Alafu badilisha nafasi ya zile waya ndogo mbili za koili. Ikiwa kinyume gari itawaka tu lakini cheche inakuwa dhaifu kwenye plagi na utaanza kulalamika inakosa nguvu ukipanda mlima. Kama kuna saa ya ampea, geuza waya zake pia la sivyo itakuonyesha inachaji wakati inamaliza. Na kama mtu alishafunga kifaa chochote cha elektroniki, iwe redio, pampu mpya au mfumo wa cheche usiotumia pointi, kitoe kabla hujageuza chochote maana hivyo vikipata umeme kinyume havisamehe. Ukimaliza andika kwenye karatasi "ETHI HASI" au "ETHI CHANYA" ubandike ndani ya boneti, atakayekuja na waya za kubusti siku moja atakuombea dua.

Baada ya siku mbili betri imekufa

Habari mhariri wa safu. Mimi ni mzee mstaafu, Peugeot 504 yangu ni ya 1977. Nikiipaki siku mbili tu betri haina kitu. Nimebadilisha betri, hii ya pili nayo imeanza. Ikichajiwa inawaka vizuri na taa ya chaji inazima kama kawaida. Sasa kila jioni nachomoa klempu, nimechoka.

*Jibu:* Shikamoo mzee wangu. Betri hizo mbili hazikuwa na kosa, kuna kitu kinakunywa usiku. Tuhesabu kidogo: kitu kinachokula nusu ampea tu, chini ya taa mbili ndogo za pembeni, kwa saa 24 kimekula ampea-saa 12, kwa siku mbili 24. Betri ya ampea-saa 45 hapo imeshapita nusu, na starta haiwezi kufanya maajabu.

Pima kwanza betri ikiwa imetulia saa kadhaa baada ya kuchajiwa, inatakiwa 12.6 au zaidi kidogo. Pima injini ikiwa inanguruma kwa mwendo wa kati, inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Zikiwa sawa hizo mbili, chaji ni nzima, twende kutafuta mwizi.

Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango au bana swichi ya mlango ili taa ya ndani izime. Chomoa klempu ya hasi. Mita iweke kwenye ampea, na kwenye lile tundu la ampea 10, ncha moja kwenye klempu na nyingine kwenye kichwa cha betri, ili kila kinachotembea kipite kwenye mita. Wakati huo usithubutu kupiga starta wala kuwasha taa kubwa, utaua fyuzi ya mita au mita yenyewe. Gari ya umri huo ikiwa haina redio wala saa inatakiwa isome karibu na sifuri kabisa, ikiwa na saa au redio yenye kumbukumbu sio zaidi ya ampea 0.05. Wewe nadhani utaona namba kubwa.

Sasa acha mita hapohapo, anza kuchomoa fyuzi moja moja unaangalia namba. Ikishuka ghafla, mwizi yuko kwenye fyuzi hiyo. Lakini magari ya enzi hizo yana fyuzi chache na vitu vingine havipiti kwenye fyuzi kabisa, kwa hiyo ukimaliza zote na namba haijatikisika usikate tamaa, ndo kwanza umefika kwenye wale wazito. Na mzito kuliko wote ni altaneta. Ndani yake kuna dayodi zinazozuia umeme wa betri usirudi nyuma, moja ikianza kuvuja inaweza kuchaji kama kawaida mchana na kunyonya usiku, na taa ya chaji isikuambie kitu. Kuna kipimo cha mkono ambacho nakipenda sana: asubuhi gari ikiwa imelala, kabla hujagusa chochote, weka kiganja nyuma ya altaneta. Injini nzima ya baridi na altaneta ina uvuguvugu? Umemshika. Kuhakikisha, chomoa klempu ya betri kwanza, alafu toa ule waya mnene nyuma ya altaneta uufunge kwa tepu usiguse chuma, rudisha mita upime tena. Namba ikianguka, peleka altaneta ibadilishwe dayodi, sio lazima ununue nzima.

Wengine wa kuwaangalia ni taa ya buti ambayo haizimi buti likifungwa (acha simu ndani inarekodi video, funga, utaona mwenyewe), sigara laita, honi ya wizi iliyofungwa na mtu zamani ikasahaulika, na waya wowote ambao rangi yake haifanani na zenzake. Wasomaji wenye dainamo, kwenu mshukiwa ni katauti ya reguleta iliyoshikana, huyo anamaliza betri kwa haraka zaidi na anaweza kuunguza dainamo, kwa hiyo ukiona hivyo chomoa betri kwanza maswali baadaye.

Inazima yenyewe ikipata joto

Corolla ya 1974. Inatembea vizuri dakika 30 au 40 alafu inaanza kukohoa na kuzima. Ikipoa inawaka. Mmoja anasema petroli, mwingine anasema koili. Nani mkweli?

*Jibu:* Wote wanaweza kuwa wakweli, ndo maana nataka ubebe plagi moja nzima ya spea kwenye gari. Siku itakapozima usisubiri ipoe, hapo ndo kwenye jibu. Fungua boneti, chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye hiyo plagi ya spea, ilaze igusane vizuri na chuma cha injini, mbali na kabureta, mtu apige starta. Waya ushike kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme. Cheche ya bluu yenye mlio, moto uko, tafuta petroli. Cheche ya njano nyembamba au hakuna kabisa, tafuta umeme.

Kwa umeme ningeanza na kondensa (kile kikopo kidogo kinacholinda pointi zisiungue) kabla ya koili, maana ni kadogo, kanabadilishwa haraka, na kakichoka hali yake ni hiyohiyo ya kuzima kwenye joto. Fungua kofia ya distributa uangalie nyuso za pointi, ukikuta zimeungua vibaya, upande mmoja shimo na mwingine kilima, kondensa inakulilia. Ukiweka pointi mpya hakikisha nafasi yake unavyoelekezwa kwenye kitabu cha gari yako, nyingi zinaangukia karibu na milimita 0.4 na kuendelea kidogo, na tone la grisi kwenye kamu inayozifungua pointi, la sivyo kile kisigino cha pointi kinalika na nafasi inajifunga yenyewe. Koili ndo inafuata. Ipime omu ikiwa ya moto, ya baridi itakudanganya kuwa ni nzima.

Kwa petroli, kabla ya kulaumu pampu fungua kifuniko cha tanki wakati imezima. Kikivuta hewa "fsss" tundu la kupumulia limeziba, tanki limekuwa likinyonywa mpaka likakataa kutoa. Ukiona hivyo zibua hilo tundu kabla hujatoa hela ya pampu.

Ya haraka haraka

*Mshale wa petroli na wa joto yote miwili inapanda juu pamoja kwenye Mini yangu ya 1971, injini haina joto.* Geji mbili haziwezi kuharibika siku moja. Nyuma ya deshibodi kuna kidubwasha kinaitwa stabilaiza, kinazishushia umeme mpaka kama volti 10, kikikosa ethi kinaachia 12 zote. Kaza skrubu yake, safisha inapogusa bodi, alafu ndo ufikirie kingine.

*Taa za mbele zinawaka njano, balbu mpya.* Pima volti palepale kwenye soketi ya balbu taa ikiwa imewashwa. Ukikuta 11 au chini wakati betri ina 12.5, ujue swichi ya taa na waya wake vinakula, na volti ikipungua asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30. Funga rilei mbili, moja ya taa fupi na moja ya ndefu, umeme mnene kutoka betri kupitia fyuzi, na ethi mpya ya kila taa. Usikimbilie balbu zenye wati kubwa, utayeyusha swichi.

*Nikiwasha indiketa na kukanyaga breki taa zote za nyuma zinacheza disko.* Ethi ya taa ya nyuma. Umeme umekosa njia ya kurudi unapitia kwenye balbu ya jirani. Waya mmoja kutoka bodi ya taa mpaka chuma safi, umemaliza.

*Nimeweka balbu za LED kila mahali, sasa indiketa haziblinki na altaneta haichaji.* Flasha ya zamani inafanya kazi kwa joto la ampea za balbu, LED hazina ampea za kutosha, kwa hiyo badilisha flasha iwe ya elektroniki. Na kwenye deshibodi rudisha balbu ya kawaida kwenye taa nyekundu ya chaji, ule umeme mdogo unaopita pale ndo unaiamsha altaneta ianze kazi. Ikiungua hata hiyo ya kawaida, altaneta inalala vilevile, kwa hiyo ukiwasha swichi na taa nyekundu haiwaki kabisa usishangilie.

*Fyuzi inaungua kila siku, naruhusiwa kuweka kubwa zaidi?* Hapana. Wala karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Chomoa vitu vyote vya fyuzi hiyo, rudisha kimoja kimoja mpaka iungue, hicho cha mwisho ndicho.